Ubadilishaji wa namba za nukta elea kuwa maandishi katika hifadhidata

Ubadilishaji wa namba za nukta elea kuwa maandishi ni kazi ya kuandika kwa tarakimu za desimali namba ambayo hifadhidata imeitunza kwa mfumo wa jozi. Hufanyika namba inapoonyeshwa, inapohamishiwa programu nyingine au inapowekwa kwenye nakala rudufu.

Chanzo cha ugumu

Kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985 huipa namba ya usahihi maradufu biti 64: 1 ya alama, 11 za kipeo na 52 za sehemu. Desimali nyingi haziingii humo kikamilifu. Kwa mfumo wa jozi, 0.1 huwa 0.000110011..., mfululizo usiokoma. Hivyo hutunzwa namba iliyo karibu nayo zaidi, takriban 0.10000000000000000555.

Idadi ya tarakimu

Desimali ya tarakimu 15 ikitunzwa kisha ikasomwa, hurudi ilivyokuwa. Lakini ili maandishi yarudishe biti zilezile, huenda zikahitajika tarakimu 17. Zikiandikwa zote 17 kila mara, 0.1 hutoka kama 0.10000000000000001. Njia bora ni kuandika tarakimu chache kabisa zinazotosha kurudisha biti zilezile. Guy Steele na Jon White walichapisha mbinu ya namna hiyo mwaka 1990. Ryu, ya Ulf Adams, iliyotolewa mwaka 2018, huifanya kazi hiyo kwa kasi kubwa zaidi.

Katika hifadhidata

PostgreSQL hadi toleo la 11 ilionyesha tarakimu 15, isipoagizwa vingine. Jumla ya 0.1 na 0.2 za aina ya double precision (usahihi maradufu) ilisomeka 0.3, ingawa ikilinganishwa na 0.3 jibu lilikuwa si sawa. Toleo la 12 la mwaka 2019 lilianza kutumia Ryu, na jumla hiyo sasa husomeka 0.30000000000000004. Katika SQL Server, kubadilisha namba ya nukta elea kuwa varchar, yaani maandishi, kwa CONVERT bila kutaja mtindo huacha tarakimu 6 tu: 1234567.89 huwa 1.23457e+006. Mtindo namba 3 hutoa tarakimu 17.

Matumizi

Fedha hutunzwa kwa aina ya numeric au decimal, ambayo hushika desimali kama ilivyoandikwa. Kwa vipimo vilivyotunzwa kwa nukta elea, ukadiriaji hufanywa kwenye ripoti inayosomwa na watu. Nakala rudufu huachiwa tarakimu zake zote.