Rangi ya Heroe katika Slaidi za Ziwa Nakuru

Ziwa Nakuru, lililotengwa kuwa hifadhi ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kufanywa mbuga ya taifa mwaka 1968, lilipata sifa duniani kwa sababu ya heroe, ndege ambao wengi huwaita flamingo, na sifa hiyo ilisambazwa kwa kiasi kikubwa na picha za rangi ambazo watalii na wataalamu wa ndege walizipiga ufukweni au kutoka juu ya Baboon Cliff. Nyingi za picha hizo zilikuwa slaidi. Slaidi ni kipande cha filamu chenye picha chanya, yaani picha inayoonyesha rangi zilivyo badala ya kuzigeuza kama negativu inavyofanya, nacho huwekwa katika fremu ya sentimita 5 kwa 5 ili mwanga wa projekta ukipenye na kuitupa picha ukutani. Kwa kuwa hakuna negativu, filamu iliyokuwa ndani ya kamera kando ya ziwa ndiyo hiyo hiyo inayoonekana baadaye ukumbini, na ikipotea hakuna asili nyingine ya kurejelea.

Ushahidi wa slaidi kuhusu rangi ya ndege, hata hivyo, haukuwa wa kutegemewa kama wenye nazo walivyodhani. Uwaridi wa heroe hutokana na chakula, hasa mwani mdogo wa majichumvi uitwao spirulina, lakini uwaridi wa slaidi hutokana na tabaka tatu za rangi zilizomo katika filamu, na tabaka hizo hazichakai kwa kasi moja. Kodachrome, filamu ya kampuni ya Kodak iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, ilihitaji kusafishwa katika maabara chache mno duniani, ila ikihifadhiwa gizani rangi zake hudumu kwa miongo mingi. Filamu za Ektachrome za kampuni hiyo za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa rahisi zaidi kusafishwa, lakini rangi zake hufifia hata zikiwa sandukuni, na mara nyingi picha nzima huelekea wekundu. Kwa picha ya mlima au ya gari la moshi kasoro hiyo hugundulika upesi, ilhali kwa picha ya maelfu ya ndege wa rangi ya waridi mtazamaji anaweza kuufurahia uharibifu akidhani ni uzuri wa ziwa. Velvia ya kampuni ya Fujifilm, iliyoingia sokoni mwaka 1990, ilileta udanganyifu wa namna nyingine, kwani ilikoleza rangi tangu siku ya kwanza, na wapiga picha wa wanyama waliipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Kufikia wakati huo kompyuta zilikuwa tayari zimeanza kutengeneza slaidi. Programu ya PowerPoint ilitolewa mwaka 1987, wakati projekta za kuunganishwa na kompyuta zilikuwa ghali na zenye mwanga hafifu, hivyo aliyetaka michoro yake ionekane vizuri ukumbini aliipeleka kwenye filamu. Mashine iliyotumika ilikuwa kisanduku cheusi chenye kioo kidogo cha mrija wa elektroni, wa aina ya ule wa televisheni za zamani, na kamera iliyokielekea kioo hicho. Picha ilichorwa mara tatu mstari kwa mstari, kupitia kichujio chekundu, cha kijani na cha buluu, na filamu ikakusanya miale yote mitatu katika fremu moja. Kazi ilikuwa ya polepole, lakini matokeo yalikuwa na undani ambao projekta za elektroni za enzi hiyo hazikuweza kuufikia.

Njia hiyo ilififia projekta za dijitali ziliposhuka bei. Kodak iliacha kutengeneza projekta zake za slaidi mwaka 2004, na maabara ya mwisho ya Kodachrome, iliyokuwa Parsons katika jimbo la Kansas, Marekani, ikaacha kupokea filamu mwishoni mwa Desemba 2010. Ni katika miaka iyo hiyo maji ya Ziwa Nakuru yalipoanza kupanda, yakapunguza uchumvi ambao spirulina huuhitaji, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Hivyo slaidi za zamani zilianza kutafutwa kama kumbukumbu ya ufuko ambao sasa umezama, zikapigwa skani na kusahihishwa rangi kwa programu, ambapo kiasi cha uwaridi huamuliwa na mtu aliyeketi mbele ya skrini.

Ektachrome mpya ilirudi sokoni mwaka 2018, na kuipiga upya picha ya dijitali kwenye filamu kunawezekana tena. Slaidi inayopatikana hivyo haiufuti uamuzi wa msahihishaji, bali huuchapa katika rangi mpya. Tena kuna suala la tarehe: maabara za Kodak zilizoea kupiga muhuri wa mwezi na mwaka wa kusafishwa filamu kwenye fremu ya karatasi, muhuri ambao ingawa haukutaja siku ya kupigwa picha uliweka ukomo wa umri wake, ilhali nakala iliyotoka kwenye kompyuta haina dalili yoyote ya mwaka ambao ndege wale walisimama majini, isipokuwa mwenye nayo auandike kwa mkono pembeni mwa fremu.