Hesabu ya Carson na gharama ya sauti hewani

Msikilizaji wa masafa mafupi, awe Muscat, London au Bujumbura, ni nadra kufikiria ni umeme kiasi gani unaotumika ili sauti imfikie. Mhandisi mmoja wa Marekani alilifikiria suala hilo mapema.

Mwaka 1915 John Renshaw Carson, wa kampuni ya simu ya AT&T, alichunguza kwa hesabu kinachotokea sauti inapopandishwa juu ya wimbi la redio. Alibaini kuwa huzaliwa kanda mbili za pembeni, moja juu na nyingine chini ya wimbi hilo, na kila moja hubeba sauti ile ile kamili. Wimbi la kati halina neno hata moja. Desemba mwaka huo aliomba hataza ya kurusha ukanda mmoja tu, akapewa mwaka 1923.

Tuchukue mfano. Wimbi la kati la kilowati 100, likijazwa mlio mmoja kwa asilimia 100, huufanya mtambo utoe kilowati 150: 100 za wimbi lenyewe na 25 za kila ukanda. Kwa hiyo theluthi mbili za nguvu hazibebi ujumbe, na theluthi iliyobaki inausema mara mbili. Mtangazaji akinyamaza, zile kilowati 100 zinaendelea kuteketea. Katika ukanda mmoja, pasipo sauti hapana nguvu. Ndiyo maana wahandisi huupima kwa nguvu ya kilele, pale sauti inapofikia upeo wake.

Januari 7, 1927, simu ya redio kati ya New York na London ilifunguliwa kwa njia hiyo. Dakika tatu ziligharimu dola 75. Hata hivyo, mwaka 1930 John Ambrose Fleming, mvumbuzi wa vali, bado alidai katika jarida la Nature kwamba kanda hizo ni hesabu za karatasini tu.

Kwa nini basi vituo vya utangazaji havikuufuata mkondo huo? Wimbi la kati likiondolewa, redio ya msikilizaji hulazimika kulizalisha upya. Ikikosea kidogo, sauti hugeuka kama ya bata. Mkutano wa Geneva wa mwaka 1987 ulipanga vituo vya masafa mafupi vihamie ukanda mmoja ifikapo mwisho wa 2015, lakini baadaye tarehe hiyo iliachwa. Vituo vimeendelea kulipia umeme usiosema neno, ili redio ya bei nafuu iendelee kusikika.