Sindano na Uzi katika Tiba ya Mshipa Uliotuna

Miongoni mwa maradhi yanayomjia mwanadamu kwa siri, bila homa wala maumivu ya kumwonya, ni machache yenye hila kama lile la kutuna kwa mshipa wa damu. Ukuta wa ateri, ambao kwa tabia yake ni imara na wenye kunyumbuka, hudhoofu mahali pamoja, ama kwa uzee, ama kwa presha ya miaka mingi, ama kwa tumbaku, ama kwa jeraha, au, katika zama zilizopita, kwa kaswende. Na damu, ambayo haikomi kuusukuma usiku na mchana, hukifutua kile kipande dhaifu hata kikawa kifuko kinachopiga pamoja na moyo, na siku kifuko hicho kipasukapo, mwenyewe aghalabu huaga dunia kabla tabibu hajaitwa. Waganga wa hospitali huliita tukio hili aneurizimu. Makusudio yangu ni kueleza jinsi mkono wa mpasuaji, kwa muda wa karne 17, ulivyokuwa haujui ila kuufunga mshipa huo, na jinsi ulivyokuja kujifunza kuushona. Kwani mafunzo ya kushona hayakutoka katika vyuo vya tiba peke yake, na wale waliochangia elimu hiyo wakiwa nje ya vyuo wanastahili kutajwa.

Katika karne ya 2 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, tabibu wa Kigiriki aliyeitwa Antyllus aliagiza hivi: ngozi ipasuliwe, mshipa ufungwe kwa uzi juu ya uvimbe, ufungwe tena chini yake, kisha kifuko kifunguliwe na damu iliyoganda ndani itolewe. Kitabu chake kilipotea, na maneno yake tunayajua kwa sababu Oribasius aliyanakili katika karne ya 4. Antyllus alikuwa mtu wa insafu, kwa kuwa aliwakataza wanafunzi wake wasiviguse vifuko vikubwa mno, akijua ya kuwa uzi hautashinda hapo. Elimu hiyo ilipoanza kufifia Ulaya, ilikuwa hai kwa Waarabu: Abu al-Qasim al-Zahrawi, mpasuaji wa Cordoba katika Andalusi, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliuwekea uvimbe wa ateri mlango wake katika sehemu ya upasuaji ya Kitab al-Tasrif, kitabu chenye sehemu 30, na michoro ya vyombo vyake ilisomwa na Wazungu baada ya Gerard wa Cremona kuitafsiri sehemu hiyo kwa Kilatini katika karne ya 12.

Lakini kufunga mshipa pasipo kujua damu yaenda wapi ni kazi ya kubahatisha. Hapa hatuna budi kumtaja Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham aliyefanya kazi na kufariki Kairo mwaka 1288, ambaye katika sharhi yake ya mwaka 1242 juu ya anatomia ya Ibn Sina alithubutu kumpinga Jalinusi, yaani Galen, na kusema kwamba ukuta ulio kati ya vyumba viwili vya moyo hauna tundu, na ya kuwa damu hutoka upande wa kuume kwenda upande wa kushoto kwa kupitia mapafuni. Kauli hiyo ilikaa kimya makabatini hata mwaka 1924, tabibu wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, alipoikuta katika nakala iliyohifadhiwa Berlin. William Harvey alikuwa ametangulia kupata sifa yake, na ni haki yake, maana yeye mwaka 1628 ndiye aliyethibitisha mzunguko mzima wa damu kwa hesabu na kwa majaribio. Ila sifa ya hatua ya kwanza ni ya mtu wa Kairo, na historia inayomsahau haijatimia.

Sasa tufike London, mwaka 1785, kwa John Hunter, kwa sababu yeye ndiye aliyeufanya uzi wa Antyllus uwe na akili. Wakati huo waendeshaji wa magari ya farasi waliugua mno uvimbe wa ateri katika mvungu wa goti, na viatu vyao virefu, vilivyobana nyuma ya goti mchana kutwa, vilitiwa lawama. Wapasuaji walikuwa na njia mbili, na zote mbili zilikuwa za kutisha: kuukata mguu, au kukifungua kifuko papo hapo na kuufunga mshipa kandokando yake, ambapo ukuta umekwisha oza, hata uzi ukachomoka baada ya siku chache na mgonjwa akatokwa na damu mpaka mauti. Hunter alifikiri ya kuwa mshipa ufungwe mbali, juu, katikati ya paja, ambapo ni mzima, na kifuko kiachwe bila kuguswa ili mwili wenyewe ukinywe. Lakini je, mguu ulionyimwa ateri yake kubwa hautakufa? Husimuliwa kwamba jibu alilipata kwa ayala dume wa bustani ya Richmond: aliufunga mshipa wa shingo unaoilisha pembe changa, pembe ikapoa, na baada ya siku kadhaa ikapata joto tena, kwa kuwa vijishipa vya pembeni vilikuwa vimepanuka na kuchukua kazi ya mshipa uliofungwa. Iwe kisa hicho kilikuwa hivyo hasa au kimepambwa na wasimulizi, fikra yenyewe ni sahihi, na ndiyo msingi wa mengi yaliyofuata: mwili una njia za akiba, na mpasuaji mwenye busara huzitegemea.

Basi mwezi wa Desemba mwaka ule, katika Hospitali ya St George's, Hunter alimpasua mwendesha gari wa miaka 45, pasipo dawa ya usingizi, maana ilikuwa bado kugunduliwa, akamfunga ateri ya paja kwa nyuzi nne. Mguu haukufa. Baada ya majuma yapatayo sita mtu yule alirejea kwake, akarudia kazi yake, na alipofariki kwa homa mwaka 1787 Hunter aliupata mguu wake akauchunguza, akakuta kifuko kimesinyaa. Hunter mwenyewe hakusalimika na maradhi ya mishipa. Kwa miaka mingi kifua kilimbana kila alipokasirika, na tarehe 16 Oktoba 1793, katika mkutano wa hospitali ile ile, alipingwa kwa maneno, akatoka chumbani, akaanguka na kufa; na walipompasua waliikuta mishipa inayoulisha moyo imekuwa migumu.

Waliomfuata walikuwa na ushujaa mwingi kuliko mafanikio. Astley Cooper, mwanafunzi wake, aliifunga aota yenyewe tumboni mwaka 1817, na mgonjwa akaishi saa 40 tu. Mwaka 1864 Charles Moore alipenyeza waya mrefu wa chuma ndani ya kifuko cha kifuani, akitumaini damu igande juu yake, na mgonjwa hakupona. Hata karne iliyopita ilipokuwa imefika nusu, Rudolf Nissen, alipomfungua tumbo Albert Einstein mwezi wa Desemba 1948 na kuiona aota yake imetuna, hakuwa na la kufanya zaidi ya kuizungushia karatasi ya selofani ili kovu liote na kuukaza ukuta. Einstein alipata miaka sita na ushei. Mshipa ulipoanza kuvuja mwezi wa Aprili 1955 alikataa kupasuliwa tena, akafariki Princeton tarehe 18 ya mwezi huo akiwa na miaka 76.

Na ajabu ni kwamba wakati huo kushona mshipa kulikuwa kumekwisha julikana kwa nusu karne. Mwaka 1888, mjini New Orleans, Rudolph Matas alimfunga kijana mmoja mshipa wa mkono juu ya uvimbe na chini yake, na uvimbe ukaendelea kupiga. Ndipo alipokifungua kifuko na kuyashona kutoka ndani matundu yaliyokuwa yakileta damu. Miaka sita baadaye, tarehe 24 Juni 1894, Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon, mshipa mkubwa uendao ini ukajeruhiwa, na wapasuaji mashuhuri waliomzunguka hawakuweza kuuziba. Mwanafunzi mmoja wa tiba wa mji huo, Alexis Carrel, hakuridhika na kushindwa kule. Lyon ni mji wa hariri, na Carrel alikwenda kwa watarizi wa mji, miongoni mwao Bibi Leroudier aliyesifika kwa kazi yake, akajifunza kwao kushika sindano nyembamba na uzi mwororo, na kupiga mshono mdogo, wa sawasawa, usiovuta wala kulegea, kama mshona kofia za viua anavyofanya bila kuutazama mkono wake. Mwaka 1902 alitangaza njia yake: kinywa cha mshipa, ambacho ni duara, kivutwe kwa nyuzi tatu hata kiwe pembetatu, na kila ubavu ushonwe kama mstari ulionyooka. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1912. Maandishi yake ya baadaye juu ya kuwachagua watu wa kuishi na wa kuondolewa siyaafiki hata kidogo, lakini mshono wake ni wa haki, na bado unafundishwa.

Kilichouchelewesha mshono huo ni uhaba wa vitu viwili: dawa ya kuizuia damu isigande wakati wa kushona, nayo ni heparini, iliyoanza kufaa kwa wagonjwa katika miaka ya 1930, na njia ya kuuona mshipa kabla ya kisu, ambayo Wareno wawili wa Lisbon, Egas Moniz kwa mishipa ya ubongo mwaka 1927 na Reynaldo dos Santos kwa aota mwaka 1929, waliipata kwa eksirei. Tarehe 29 Machi 1951, mjini Paris, Charles Dubost alikiondoa kipande cha aota kilichotuna na kushona mahali pake aota ya marehemu. Maiti hawatoshi kwa wagonjwa wote, na huko Marekani Arthur Voorhees alikwisha anza kujaribu mirija ya kitambaa. Michael DeBakey wa Houston, mwana wa wahamiaji wa Lebanon ambaye mama yake alimfundisha kushona utotoni, alikwenda dukani kununua nailoni, akaambiwa imekwisha, akachukua Dacron, akaishona mirija kwa cherehani ya mkewe. Hiyo ndiyo nguo iliyowafaa wagonjwa ulimwenguni. Na DeBakey mwenyewe, aota yake ilipopasuka utando wa ndani akiwa na miaka 97, aliokolewa mwaka 2006 kwa mrija wa jinsi ile ile, akaishi miaka miwili zaidi.

Tangu Nikolai Volodos wa Kharkiv mwaka 1987, na Juan Parodi wa Buenos Aires mwaka 1990, mrija waweza kukunjwa, kupitishwa kwenye ateri ya paja, ile ile aliyoifunga Hunter, na kufunguliwa ndani ya aota bila tumbo kupasuliwa. Lakini njia hizi zote humfaa yule tu ambaye uvimbe wake umeonekana kabla haujapasuka. Kwa hiyo wewe mwanamume uliyefikia miaka 65, hasa kama umepata kuvuta sigara, au kama baba au ndugu yako alifariki kwa maradhi haya, mwombe tabibu akupime tumbo kwa altrasaundi. Ni kipimo cha dakika chache, hakichomi wala hakiumi, nacho huionyesha aota na upana wake.