Gofu: hesabu iliyopindua maneno ya wakubwa

Wengi wetu tunajua mpira wa miguu tu. Kwenye gofu unapiga kampira kwa fimbo mpaka kaingie shimoni. Mwenye mipigo michache ndiye mshindi. Zamani wachezaji walifundishwa kwamba pesa iko kwenye mipigo midogo ya karibu na shimo, ile mirefu ni ya kujionyesha.

Kosa lilikuwa namna ya kuhesabu. Walijumlisha mipigo ya karibu na shimo bila kuuliza mpira ulianzia umbali gani. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichukua vipimo vya mipigo vya PGA Tour ya Marekani, akauliza: kutoka hapa, wachezaji wa kulipwa wanatumia mipigo mingapi kwa wastani? Kutoka futi 8, karibu mita 2 na nusu, ni 1.5. Ukiingiza kwa mmoja umepata nusu. Ukitumia miwili, nusu imekupotea.

PGA Tour iliipokea hesabu hiyo mwaka 2011. Hata Tiger Woods, aliyesifiwa sana kwa mipigo midogo, ilionekana aliwapita wenzake zaidi kwa mipigo ya kutoka mbali.