UZI: "Jamii ishirikishwe", lakini nani aliulizwa? Historia fupi ya wanyamapori, ardhi na siasa Kenya

1. Msimu wa siasa ukifika, kuna sentensi mbili huwezi kukosa kuzisikia kwenye mkutano wowote ulio karibu na mbuga ya wanyama. Ya kwanza: "Serikali inapenda ndovu kuliko watu." Ya pili: "Jamii lazima ishirikishwe." Umati unapiga makofi, magari yanaondoka, na usiku ndovu wanarudi shambani kama kawaida. Uzi huu unaeleza maneno hayo yametoka wapi. Sitataja mwanasiasa wala chama. Mkae nami.

2. Niseme mapema ninakotoka, msije mkasema nimejificha. Mimi ni wa Taita Taveta. Karibu asilimia 62 ya kaunti yetu iko ndani ya mbuga za Tsavo. Nikiwa mdogo, mahindi yakikaribia kukomaa, nyanya yangu alikuwa analala na debe tupu kando ya kitanda. Ndovu wakiingia, sote tunaamka kugonga debe na kupiga kelele mpaka koo zikauke. Lakini sijawahi kumsikia nyanya akisema ndovu wauawe. Alichokuwa anasema ni hiki: "Hakuna mtu amewahi kutuuliza." Nimeenda chuo, nimesoma historia, na nikagundua sentensi ya nyanya inabeba zaidi ya miaka mia moja.

3. Tuanze kitambo. Sitaki kuwauzia hadithi ya paradiso. Kabla ya ukoloni watu waliwinda, walichoma nyasi, waliogopa simba. Lakini palikuwa na kanuni, na wenye kanuni walikuwa wenyeji. Mfano ambao bado umesimama ni misitu ya kaya za Mijikenda kule Pwani. Wazee walikataza watu kukata miti ovyo ndani ya kaya, na ndiyo maana vipande hivyo vya msitu vipo mpaka leo, vimezungukwa na mashamba. UNESCO iliviorodhesha kama urithi wa dunia mwaka 2008. Kwa hivyo mtu akisema jamii "zifundishwe" uhifadhi, muulize kaya zilifundishwa na nani.

4. Mwaka 1900, mataifa ya Ulaya yenye makoloni Afrika yalikutana London yakatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Mwafrika hakuwa mezani. Huku nyumbani, sheria za uwindaji zikagawanya watu mara mbili: mwenye pesa za leseni akaitwa mwindaji, na yule aliyewinda kama babu yake akaitwa jangili. Mwaka 1909 rais mmoja mstaafu wa Marekani alikuja na mwanawe kuwinda Afrika Mashariki. Wawili hao peke yao waliua wanyama 512. Huo uliitwa mchezo, na pia sayansi.

5. Wakati huo huo ardhi ilikuwa inahama mikono. Kwa mikataba ya 1904 na 1911, Wamaasai waliondolewa nyanda za juu, ikiwemo Laikipia, ili walowezi wapate nafasi. Walienda kortini, na mwaka 1913 kesi yao ikatupwa. Wakasukumwa kwenye hifadhi yao ya kusini. Shikilia hapo, manake ni huko huko kusini ambako baadaye serikali iligundua kuna wanyama wengi sana. Wengi, kwa sababu wafugaji walikuwa wameishi nao bila kuwamaliza.

6. Halafu zikaja mbuga za taifa. Nairobi ilikuwa ya kwanza, 1946. Tsavo ikafuata 1948. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi: chora mpaka, toa watu, weka askari. Kule kwetu Tsavo, Wawaata (wengine huwaita Waliangulu) walikuwa wawindaji wa ndovu kwa upinde mkubwa na mishale ya sumu. Katika miaka ya 1956 na 1957 kukafanywa operesheni kali ya kuwakamata. Wengi wakaishia jela. Watu walioijua mienendo ya ndovu kuliko mtu yeyote wakawa wahalifu kwao wenyewe.

7. Sasa tufike Amboseli, manake hii ndiyo mbuga ya siasa kuliko zote. Mwaka 1961 Amboseli iliwekwa chini ya baraza la wilaya ya Kajiado. Yaani mapato yaliingia kwa baraza la wenyeji. Lakini katikati ya Amboseli kuna vinamasi vinavyopata maji kutoka Kilimanjaro, na wakati wa kiangazi mifugo ya Wamaasai na wanyamapori wote wanategemea maji hayo hayo. Mwaka 1974 serikali kuu ikachukua kilomita za mraba 392 kuwa mbuga ya taifa. Vinamasi vikawa ndani. Ng'ombe wakabaki nje.

8. Si ati hakukuwa na mpango. Wenyeji waliahidiwa maji ya bomba nje ya mbuga na mgao wa mapato. Mabomba yakawekwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1980, pampu zilikuwa zinasumbua na maji hayafiki. Mfugaji alibaki na chaguo mbili: aache ng'ombe wafe, ama awaingize mbugani akamatwe. Na miaka hiyo ya 1970 kuna morani waliwachoma mikuki ndovu na vifaru. Hawakuwa wanatafuta pembe wala meno. Walikuwa wanatuma ujumbe, na vifaru ndio walioulipia.

9. Ruka mpaka 2005. Wiki chache kabla ya kura ya maoni ya Novemba, serikali ikatangaza Amboseli si mbuga ya taifa tena, inarudi kwa baraza la Kajiado. Wengine walifurahi: haki imerudi. Wengine wakauliza mbona leo, mbona wiki hizi? Mashirika ya uhifadhi yakaenda kortini, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ikafuta tangazo hilo. Hebu angalia vizuri: 1974 ilichukuliwa kwa amri ya juu, 2005 ikarudishwa kwa amri ya juu. Mara zote mbili uamuzi ulitoka Nairobi. Mwenyeji alikuwa mtazamaji wa mechi inayochezwa kwenye uwanja wake.

10. Turudi nyuma kidogo kwa ndovu. Mwaka 1973 walikadiriwa kuwa 167,000 nchini. Mwaka 1977 uwindaji wa leseni ukapigwa marufuku, lakini ujangili haukusimama. Kufika 1989 walibaki karibu 16,000. Hapo ndipo Kenya ikachoma tani 12 za pembe za ndovu mbele ya dunia, shirika jipya la KWS likaundwa, na ulinzi ukawa wa bunduki. Na tuwe wakweli, ulisaidia. Sensa ya 2021 ilihesabu ndovu 36,280. Nyanya yangu anaweza kukuthibitishia kwamba wapo.

11. Lakini bunduki inalinda mbuga, na wanyama wengi wa Kenya hawaishi mbugani. Zaidi ya nusu wako kwenye ardhi ya watu, wakati wote ama sehemu ya mwaka. Utafiti uliolinganisha hesabu za kutoka 1977 hadi 2016 ulionyesha kwamba kwenye maeneo ya malisho idadi ya wanyamapori ilishuka kwa wastani wa asilimia 68. Kwa hivyo swali la mwenyeji anataka nini si swali la huruma. Ndilo swali lenyewe.

12. Hapa nataka niwape kesi ambayo watu wachache wanaikumbuka. Kuna mnyama anaitwa hirola. Ni wa jamii ya swala, rangi ya mchanga, na usoni ana mstari mweupe kama amevaa miwani. Kwao ni mpakani mwa Kenya na Somalia tu, hakuna kwingine duniani kwa asili. Miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya elfu kumi. Sotoka, ukame, ujangili na malisho kugeuka vichaka vikawamaliza. Leo wako chini ya 500.

13. Mwaka 1996, KWS iliamua kuwakamata baadhi ya hirola kule Garissa na kuwahamishia Tsavo wasalimike. Kwa karatasi, ni wazo zuri. Lakini wananchi watano wa huko wakaenda Mahakama Kuu kuizuia. Wafugaji wa Kisomali, eneo ambalo serikali ilizoea kulitazama kwa jicho la usalama tu, wanaishtaki serikali ili swala asiondolewe kwao! Mahakama ikawasikiliza. Hoja yake kwa ufupi: kwa mila, mwenye haki ya kutumia ardhi ana haki pia kwa viumbe na mimea iliyoko juu yake isipokuwa sheria iseme vingine, na sheria ya wakati huo haikuipa KWS ruhusa ya kuwahamisha hivyo. Wachache walikuwa wameshapelekwa Tsavo. Waliobaki wakabaki kwao.

14. Unaweza kusema, haya, mmeshinda kesi, na hirola je? Swali la haki kabisa, manake kesi hailishi mnyama. Jibu lilikuja baadaye. Kule Ishaqbini, kando ya mto Tana, wenyeji walitenga sehemu ya ardhi yao na kukubali uzio wa kuzuia simba, fisi na wanyama wengine wawindaji. Mwaka 2012 hirola 48 wakaingizwa ndani. Katika miaka iliyofuata idadi ile ikazidi maradufu. Mnyama yule yule, serikali ile ile, sayansi ile ile ya kukamata na kuhamisha. Tofauti ni kwamba safari hii wenyeji walikuwa wamekubali.

15. Sasa sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kulinda mazingira, na faida zigawanywe kwa haki. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ikaweka fidia: shilingi milioni 5 mtu akiuawa na mnyama, milioni 3 akipata ulemavu wa kudumu. Sheria hiyo hiyo iliweka faini isiyopungua milioni 20 ama kifungo cha maisha kwa makosa ya wanyama walio hatarini. Ndipo ile sentensi ya jukwaani ilipopata nguvu: "Ndovu milioni 20, mtu milioni 5!"

16. Tuweke hili sawa. Faini ni adhabu kwa mhalifu, fidia ni malipo kwa aliyeumia. Kuzilinganisha ni kama kulinganisha faini ya trafiki na bei ya gari. Anayefanya hesabu hiyo jukwaani anajua makofi yatakuja. Lakini hasira iliyo chini ya hesabu hiyo ni ya kweli, manake familia zinangoja fidia miaka na miaka. Sheria iliahidi, bajeti ikachelewa. Ni pampu za Amboseli tena, ila sasa ziko kwa karatasi.

17. Na msidhani neno "jamii" linaosha kila kitu. Kwanza, "jamii" yenyewe inaweza kutumiwa bila kuulizwa. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili zilizoitwa za jamii zilianzishwa kinyume cha sheria, wenyeji wakiwa hawajashirikishwa inavyotakiwa. Jina lilikuwa la jamii. Idhini ya jamii haikuwepo.

18. Pili, jamii si malaika. Mashamba ya pamoja ya wafugaji yaliyoanzishwa kwa sheria ya 1968 yalikuwa na kamati za wenyeji kabisa, na mahali pengi wanakamati na marafiki zao walijipa vipande vikubwa wakati wa kugawa. Vipande vikauzwa, nyua zikajengwa. Angalia Kitengela: nyumbu waliokuwa wakitoka mbuga ya Nairobi kwenda nyanda za Athi na Kaputiei leo wanakutana na waya, machimbo na nyumba za kukodisha. Hakuna serikali iliyowafukuza hapo. Tuliuza wenyewe, ploti kwa ploti. Pengine kama ardhi yenye wanyama ingemlipa mwenyewe, asingeiuza haraka hivyo. Lakini tukubali tuliuza.

19. Kwa hivyo safari nyingine ukisikia "jamii ishirikishwe", usipige makofi bado. Uliza mambo matatu. Moja: jamii itaulizwa kabla ya uamuzi ama baada? Sheria ya ardhi ya jamii ya 2016 inataka thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii wakubali kabla ya makubaliano ya uwekezaji kwenye ardhi yao. Je, huo mkutano ulifanyika? Mbili: pesa zitapitia mkono wa nani, na hesabu zitasomwa mbele ya nani? Tatu, na hili ndilo watu hulikwepa: je, jamii inaweza kusema hapana, na hapana yao ikaheshimiwa?

20. Swali la tatu ndilo lililobadilisha mambo kule Garissa. Watu walisema hapana 1996, korti ikawaheshimu, na wenyeji kule kule kwa hirola wakasema ndiyo 2012. Ndiyo ya mtu ambaye hawezi kusema hapana haina uzito. Amboseli imefundisha hivyo kwa miaka hamsini, na kila msimu wa siasa tunarudia darasa.

21. Nyanya bado analima. Debe bado liko kando ya kitanda. Siku moja kabla ya kura, watu watafika kijijini kumwambia ndovu ni wake. Natumaini mmoja wao atakaa chini kidogo amuulize anataka nini, halafu anyamaze asikilize.

Mwisho wa uzi. Kama kwenu kuna mbuga, hifadhi ama msitu, tuambie: nyinyi mliulizwa?