Konokono Hajui Mpaka wa Kiwanja

Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, ilianza mwaka 1958, ikatambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walipokuwa wakiingia Ankole na ng'ombe wao. Tangu hapo tumefuatana kwa zamu: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, na Wanyarwanda wengine baada ya 1994. Historia yetu imeandikwa mara nyingi kwa kuhesabu vita na idadi ya watu. Mimi ni mama wa bustani, nimetoka bonde la Ruzizi upande wa Uvira, Kongo, na kwa miaka mingi naishi Rubondo, humu humu Nakivale. Naona historia hiyo hiyo inaweza kusimuliwa kwa kumfuata adui mmoja mdogo anayetoka usiku, anakula lengalenga, yaani mchicha, na kukipambazuka hayupo.

Wazee waliokulia hapa wanasema zamani hakuna aliyemjali konokono. Nchi hii ni kavu, nchi ya nyasi na miti ya miiba. Konokono alikaa kando ya ziwa na mabondeni. Watu walichunga, walipanda maharage na mahindi shambani, mbali na nyumba, na kiangazi kilifanya kazi yake: jua likizidi, konokono hujifungia ndani ya gamba lake kwa utando mkavu, akalala mpaka mvua irudi. Mvua zetu ni mbili, ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Desemba. Katikati ya mvua hizo njaa yake ilikatika.

Tuliobadilisha mambo ni sisi wenyewe, na hatukuwa na njia nyingine. Kadiri watu walivyoongezeka, ardhi ilipungua. Zamani familia ilipewa shamba la mita 50 kwa 100. Waliokuja baadaye walipata kipande cha mita 30 kwa 30, au pungufu. Kisha chakula cha msaada nacho kikapungua. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda kwa asilimia 30, na Februari 2021 ukabaki asilimia 60 ya ule wa kwanza. Mei 2025 watu karibu milioni moja nchini wakaondolewa kabisa kwenye orodha. Mboga ya nyuma ya nyumba ikawa chakula chenyewe. Tukajaza udongo kwenye magunia, tukatoboa matundu ubavuni, tukachomeka sukuma na vitunguu. Tukatandaza majani ya ndizi ili udongo usikauke. Tukamwagilia jioni kwa maji ya kuoshea vyombo, maana jerikeni ya maji safi ina kazi nyingine.

Kwa njia hiyo tukamjengea konokono nyumba. Kivuli kipo chini ya majani, unyevu upo mwaka mzima, chakula kipo juu ya kichwa chake. Koa, yule asiye na gamba mgongoni, naye akahamia katikati ya gunia na mkeka wa majani. Sasa hana kiangazi tena.

Uzuri wa Rubondo ni kwamba kila taifa lilikuja na ujuzi wake. Kwetu Ruzizi mama zetu walifuga bata. Bata hula konokono wadogo na makoa bila kuambiwa, ila anakula na miche pia. Ndiyo sababu mama yangu alimfungulia bustani kabla ya kupanda na baada ya kuvuna, si katikati. Jirani yangu, mama wa Kirundi, yeye ni mtu wa majivu. Anachekecha majivu ya mafiga na kuzungusha mstari mpana kuzunguka kila kitalu. Majivu makavu hunyonya ute ambao konokono anautegemea kutembea, akifika hapo hugeuka. Mvua ikinyesha, mstari umekufa na kazi inaanza upya. Chumvi inaua haraka zaidi, lakini inaharibu udongo. Kwenye gunia moja la udongo huna pa kukimbilia.

Wenyeji wa Isingiro, wilaya yetu, ambao ni watu wa matoke, walitufundisha mgomba. Unapasua kipande cha shina la mgomba uliokatwa, unakilaza upande wa ndani chini kati ya mistari ya mboga jioni. Asubuhi unakigeuza: wamejikusanya wote pale, wakubwa kwa wadogo. Wengine humwaga mashapo ya tonto, pombe ya ndizi, kwenye kopo lililozikwa mpaka mdomoni. Harufu ya kuchacha huwaita, wanaingia, wanazama. Mume wangu alilalamika kwamba ni hasara ya pombe. Nikamwambia mashapo hata yeye hayanywi.

Kilimo cha namna hii kinaonekana kidogo mbele ya sayansi ya ulimwengu. Lakini ukisoma ulimwengu ulivyopigana na konokono utaona ulishindwa mara nyingi, na tena ulishindwa na konokono wetu sisi.

Konokono mkubwa ambaye leo anasumbua nchi za mbali, anayeitwa kitaalamu Lissachatina fulica, asili yake ni pwani ya Kenya na Tanzania. Mwanzoni mwa karne ya 19 alikuwa ameshafika visiwa vya Bahari ya Hindi, Mauritius miongoni mwao. Mwaka 1847 Mwingereza mmoja mtaalamu wa makombe na konokono, William Benson, aliwachukua kutoka Mauritius akawaachia Calcutta. Mwaka 1900 hivi wakawa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na mwaka 1936 wakafika Hawaii. Hakuna konokono aliyevuka bahari kwa miguu yake. Watu waliwabeba: mwingine kwa udadisi, mwingine kwa kitoweo, mwingine ndani ya mizigo bila kujua. Na kwa kuwa kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike, na mmoja anaweza kutaga mayai 200 kwa mkupuo mmoja, walioachiwa wachache wakawa wengi.

Visiwa vya Pasifiki vikatafuta njia ya mkato: kuleta mnyama mwingine amle konokono. Wa kwanza walimtoa Kenya. Ni konokono mdogo mla nyama aliyepewa jina la Kibwezi, ile Kibwezi ya reli ya Mombasa na Nairobi, na mwaka 1950 akaachiwa katika kisiwa cha Aguijan huko Mariana. Mwaka 1955 Hawaii ikaleta mwingine kutoka Florida, mwenye gamba la rangi ya waridi, mwindaji hodari. Baadaye akasambazwa visiwa vingine. Mwaka 1977 akafikishwa Moorea, karibu na Tahiti. Mwindaji huyo hakushughulika sana na yule mkubwa aliyeletwa kumla. Aliwageukia konokono wadogo wa miti, jamii ya Partula, ambao wenyeji wa visiwa hivyo walitengenezea mashada ya shingoni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 Partula wa Moorea hawakuonekana tena porini; waliobaki walikuwa kwenye vyombo vya bustani za wanyama, London ikiwamo. Konokono mkubwa yeye aliendelea kuwapo.

Njia ya pili ilikuwa sumu. Katika miaka ya 1930 iligunduliwa kwamba metaldehaidi, kitu kilichouzwa kama vidonge vya kuwashia moto wa safarini, huvuta makoa na kuwaua. Kwa miaka mingi vidonge hivyo vikamwagwa kwenye bustani za Ulaya. Lakini sumu haichagui: mbwa waliila, ndege waliila, na ilichuruzika na mvua mpaka kwenye maji ya kunywa. Mwaka 2022 Uingereza iliizuia isitumike nje. Nikienda Mbarara kuuza vitunguu huwa napita kwenye maduka ya dawa za kilimo, na wauzaji daima wana chupa au pakiti ya kupendekeza. Mimi nauliza swali moja: bata akila koa aliyekula hii, atapona? Jibu likichelewa, narudisha pakiti mezani.

Ipo pia sumu ya kwetu. Mmea ambao Wanyankole wanauita omuhoko, na Wanyarwanda umwokora, Waethiopia wanauita endod na kwa muda mrefu walifulia nguo kwa matunda yake. Mwaka 1964, mjini Adwa, daktari Aklilu Lemma aliona konokono wa maji wamekufa hasa mahali wanawake walipokuwa wakifua kwa endod, na kwingine wakiwa hai. Konokono hao ndio wanaobeba kichocho, hivyo ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, na mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes wakapewa tuzo ya Right Livelihood. Vijana wa Rubondo wakisikia habari hii hutaka kuchemsha omuhoko na kuumwaga bustanini. Huwa nawazuia. Maji hayo yanaua na samaki, na wapo jirani zetu wengi wanaoishi kwa samaki wa Ziwa Nakivale.

Basi ni nani aliyewahi kumshinda konokono mkubwa? Florida, mara mbili. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami kutoka likizo ya Hawaii na konokono watatu; bibi yake akawaachia bustanini. Baada ya miaka saba walikuwa wamekusanywa zaidi ya 18,000. Kazi ilichukua miaka kama kumi na dola milioni moja, na mwaka 1975 ikatangazwa kwamba wamekwisha. Septemba 2011 wakaonekana tena, na safari hii ilikuwa mpaka 2021 kuwamaliza. Sumu ilitumika, na mbwa waliofunzwa kunusa walitumika. Ila watumishi wa kilimo walipita ua kwa ua, wakiokota kwa mikono, wakirudi nyumba ile ile tena na tena, na majirani wakipiga simu kila walipomwona mmoja. Mwaka uliofuata waliibuka katika wilaya nyingine ya Florida, na kazi ikaanza upya huko.

Somo ninalolichukua Rubondo ni hilo. Viwanja vyetu vimebanana. Mimi nikiokota kila usiku na jirani haokoti, yeye ananifugia mimi. Anayemwaga makoa hai kwenye jalala la mpakani amewahamisha tu. Hatuna dola milioni, lakini tuna kitu ambacho Florida ililazimika kukinunua: sisi sote tuko nyumbani jioni, na nyumba zinatazamana.

Upande wetu wa kijiji, mvua za Septemba zikianza, kina mama tunatoka saa mbili usiku na tochi za simu, kila mmoja na ndoo, mkono umevikwa kavera, yaani mfuko wa plastiki. Kavera haivaliwi bure. Konokono hubeba minyoo ya mapafu ya panya, inayoweza kumfikia binadamu na kumletea ugonjwa wa utando wa ubongo. Kwa sababu hiyo watoto hawaokoti mikono mitupu, na mboga zote zinaoshwa vizuri kabla ya kupikwa. Waliookotwa wanamwagiwa maji ya moto. Wenye magamba wanapondwa, na kuku wanapata chokaa ya mayai.

Kilichobaki ni mpangilio. Mwagilia asubuhi, udongo wa juu ukauke kabla ya usiku. Konokono hapendi kutambaa pakavu. Sogeza majani ya ndizi mbali na shina la mche mpaka ukomae. Inua gunia juu ya mawe, uone chini yake. Kiangazi kikifika, chimba pembeni mwa vitalu, mayai meupe yatatoka, uyaanike juani. Majivu yabaki ya miche michanga, bata abaki wa kabla na baada.

Kila mwaka serikali na mashirika hutuletea mbegu na magunia ya bustani, na tunashukuru. Ningeomba jambo moja dogo zaidi: kila mafunzo ya bustani ya gunia yawe pia mafunzo ya konokono, na yafanyike kwa kijiji kizima, si kwa familia moja moja iliyochaguliwa kwenye orodha. Na wewe uliyepewa kiwanja jana, usisubiri mafunzo. Jioni ya mvua ya kwanza, kabla hujatafuta dawa, mpigie hodi jirani.