Guiyu na Lehemu ya Makaa

Fundi wa redio anayetoa kipande kilichoungua hupasha kiungo kimoja kimoja, kisha hufyonza lehemu kwa pampu ya mkono au kwa utambi wa shaba, maana ubao wa saketi ukiharibika hana cha kumrudishia mteja. Moshi wa rosini unaweza kumletea pumu asipofungua madirisha, lakini kuujali ubao kunamzuia asizidishe moto. Katika mji wa Guiyu, jimbo la Guangdong kusini mwa China, kinga hiyo ilipotea. Miaka ya 1990 kompyuta chakavu zilipomiminika huko kutoka ng'ambo, hakuna aliyeutaka ubao ukiwa mzima. Zilitakiwa chipu na metali zilizomo. Ubao ulilazwa juu ya sahani ya chuma iliyopashwa kwa makaa ya mawe, lehemu yote ikayeyuka kwa mpigo, chipu zikang'olewa kwa koleo na mabaki ya lehemu yakagongwa yadondoke. Ndiyo maana nasema kilichoiumiza Guiyu ni namna ya kupasha moto, kuliko hata madini yaliyomo ndani ya lehemu.

Kuna atakayenipinga kwa kutaja risasi, na ushahidi anao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwapima watoto 165 wa Guiyu wenye umri chini ya miaka 6: wastani wa risasi katika damu yao ulikuwa mikrogramu 15.3 kwa desilita, dhidi ya 9.94 katika mji jirani wa Chendian. Lakini risasi haichemki mpaka nyuzi 1,749 za Selsiasi, ilhali lehemu ya kawaida, yenye bati asilimia 63 na risasi 37, huyeyuka kwenye 183, hivyo juu ya makaa risasi haikugeuka mvuke kwa wingi. Kilichosambaa zaidi ni vumbi na majivu, yakibebwa kwenye nguo, viatu na mikono hadi nyumbani. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku risasi katika vifaa vipya vingi kuanzia Julai 2006, ulifanya jema. Ila mbao za zamani ziliendelea kuchakaa, na lehemu mpya isiyo na risasi huhitaji takriban nyuzi 217 kuyeyuka, hivyo juu ya makaa plastiki huungua zaidi.

Wengine husema kazi ile iliwalisha wahamiaji maskini. Ni kweli, lakini chipu zilizoleta fedha hutoka vilevile kwa joto linalopimwa, chini ya kofia ya kuvuta moshi.